Sifa ya Mkandarasi na Ushahidi wa Kazi Iliyokwisha

Serikali inunuapo saruji au madawati huweza kukitazama kitu chenyewe, kukipima na hata kukikataa; lakini inunuapo barabara ambayo bado haijachongwa, au daraja ambalo lingali katika michoro, au huduma ya kuwalisha wanafunzi kwa mwaka mzima, haina mkononi mwake kitu cha kupima isipokuwa ahadi ya mtu. Na ahadi hiyo hujulikana uzito wake kwa njia mbili: maneno yaliyoandikwa katika zabuni, ambayo kila mzabuni mwenye mwandishi hodari huweza kuyapamba, na mwenendo wa mzabuni huyo katika kazi alizokwisha kukabidhiwa, ambao haupambiki kwa urahisi kwa kuwa umetendeka mbele ya macho ya watu. Kwa akili ya kawaida njia hii ya pili ndiyo iliyo bora, wala hakuna mfanyabiashara mwenye kulinda mali yake atakayempa kazi ya pili mtu aliyemharibia ya kwanza. Lakini serikali, ambazo ndizo wanunuzi wakubwa kuliko wote, zimehangaika na jambo hili kwa miongo mingi, na kila zinapojaribu kuitumia historia ya mkandarasi katika kumpa au kumnyima kazi huzuka malalamiko, daawa na rufani.

Sababu yake haiko mbali. Mtu binafsi aweza kumwacha fundi bila ya kumweleza yeyote kwa nini amemwacha. Serikali haiwezi, maadamu fedha inayotumia ni ya umma na wazabuni wote wamealikwa kwa masharti yaliyo sawa. Kila inachokijua juu ya mkandarasi sharti kiwe kimeandikwa, kiwe na ithibati, na kiwe kinahusiana na vigezo vilivyotangazwa tangu mwanzo katika nyaraka za zabuni. Hapo ndipo ujuzi wa mtu aliyesimama kwenye eneo la kazi na kuona zege likimwagwa hugeuzwa kuwa karatasi, na karatasi hiyo ikapita mikononi mwa watu ambao hawakuiona kazi kamwe. Rai ninayoitetea katika makala haya ni kwamba migogoro hii, ambayo kwa juu huonekana kuwa ni ugomvi wa alama na maksi, kwa ndani ni ugomvi wa ushahidi: nani ameandika, ameandika lini, alikuwa na hofu gani au uvivu gani alipoandika, na je, yule aliyeandikwa alipewa nafasi ya kujibu. Sheria nyingi zimefungua mlango mpana wa kuilalamikia tuzo ya zabuni, na mlango wa kuulalamikia ushahidi wenyewe zikauacha mwembamba mno.

Nchi iliyolichimba suala hili kwa kina zaidi ni Marekani, na kwa hivyo yatubidi kukaa huko kwa kitambo kabla ya kurejea kwetu. Kwa muda mrefu maafisa wa ununuzi wa Serikali Kuu ya nchi hiyo waliishi katika hali ya kushangaza, kwamba walijua ni kampuni gani imewasumbua na ipi imewatumikia vyema, ilhali waliamini, na mara nyingi waliambiwa, kwamba hawana ruhusa ya kuutia ujuzi huo katika mizani. Historia ya mkandarasi ilitumika zaidi kama kizingiti cha mlangoni: je, huyu anafaa kupewa mkataba wa serikali au hafai? Aliyevuka kizingiti hicho alihesabiwa kuwa sawa na wenzake wote, na kilichobaki kilikuwa bei na ufasaha wa maandishi. Profesa Steven Kelman wa Chuo Kikuu cha Harvard, katika kitabu alichokitoa mwaka 1990 juu ya ununuzi wa mitambo ya kompyuta serikalini, alionyesha jinsi hofu ya kutuhumiwa upendeleo ilivyowafanya maafisa waache busara yao nje ya ofisi. Na mwaka 1993 yeye mwenyewe aliteuliwa kuongoza ofisi ya sera za ununuzi katika serikali ya Rais Clinton, akapata fursa ya kuitia fikra yake katika matendo.

Mwaka 1994 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kurahisisha ununuzi wa serikali, na ndani yake likakiri wazi kwamba ni jambo linalofaa na lenye maana kwa idara kuutazama utendaji wa zamani wa mkandarasi inapochagua wa kumpa kazi. Tangu hapo kanuni za ununuzi za Serikali Kuu zinataka kigezo hicho kitumiwe katika zabuni kubwa za ushindani zinazoamuliwa kwa majadiliano, ila pale afisa wa mkataba anapoandika sababu ya kutokitumia. Historia ikatoka mlangoni ikaingia ukumbini. Haikuwa tena swali la kufaa au kutofaa, ilikuwa swali la nani ni bora kuliko nani. Na maadamu ubora hulinganishwa, kila neno lililoandikwa juu ya kampuni likawa na thamani ya fedha.

Maneno hayo huandikwa katika mfumo unaojulikana kwa herufi CPARS, ambamo afisa humkadiria mkandarasi kwa daraja tano, kuanzia lile la kupindukia matarajio hadi lile la kutoridhisha kabisa, akitazama ubora wa kazi, ratiba, udhibiti wa gharama, uongozi na mengineyo. Mkandarasi hupewa siku 14 za kutoa maoni yake kabla tathmini haijawekwa mahali ambapo idara nyingine zitaisoma, na akipinga, mzozo hutazamwa na mkubwa aliye juu ya afisa wa mkataba. Kumbukumbu hizo hutumika kwa miaka 3 baada ya kazi kwisha, na kwa kazi za ujenzi na usanifu miaka 6. Kwa maandishi, utaratibu huu una insafu ndani yake: kuna shahidi, kuna mwenye kushuhudiwa, kuna jibu, kuna mwamuzi wa juu.

Lakini shahidi asipofika, mahakama itahukumu kwa kitu gani? Ripoti ya wakaguzi wa Ofisi ya Uwajibikaji wa Serikali, ile inayoitwa GAO, iliyotolewa mwaka 2009, ilikuta kwamba katika idara zilizochunguzwa ni takriban asilimia 31 tu ya mikataba iliyopaswa kufanyiwa tathmini ndiyo iliyokuwa nayo. Yaani kwa kila mikataba mitatu, miwili ilipita kimya, isiache alama yoyote ya wema wala ubaya. Hali hiyo imetengenezwa kwa kiasi fulani tangu hapo, lakini chanzo chake hakijaondoka, nacho ni tabia ya kibinadamu. Afisa anayeandika kwamba mkandarasi amefanya vibaya hujiletea kazi mpya: atatakiwa kueleza kwa kirefu, atapokea jibu refu lililoandikwa na mwanasheria, ataitwa na mkubwa wake, na pengine ataitwa mahakamani, ilhali anayeandika kwamba mkandarasi ameridhisha hufunga faili na kwenda nyumbani. Kwa hivyo daraja za juu zikajaa watu, na mkandarasi aliyefanya kazi ya ajabu akajikuta amekaa mstari mmoja na yule aliyeponea chupuchupu, na shahidi akawa amekuja mahakamani lakini hakusema kitu.

Matokeo ya ukimya huo yalionekana dhahiri mnamo tarehe 1 Oktoba 2013, siku ulipofunguliwa mtandao wa serikali ya Marekani wa kuwauzia wananchi bima ya afya, ukashindwa kuwahudumia wengi wa waliojaribu kuingia. Mkaguzi mkuu wa wizara ya afya ya nchi hiyo alipokuja kuitazama mikataba iliyoujenga, alieleza mwaka 2015 kwamba idara iliyohusika haikufanya uchunguzi wa kina wa utendaji wa zamani wa wakandarasi ilipotoa mikataba miwili iliyokuwa muhimu. Hapakukosekana kanuni, kanuni ilikuwepo kwa karibu miaka 20.

Tuje sasa kwenye migogoro yenyewe. Mzabuni aliyeshindwa Marekani huweza kulalamika mbele ya GAO, aghalabu ndani ya siku 10, nayo hutoa uamuzi ndani ya siku 100, na malalamiko yakiwahi hufunga mkono wa idara isiendelee na mkataba mpaka uamuzi utoke. Kaida inayotumika ni kwamba GAO haijifanyi kamati ya tathmini ya pili: huuliza tu kama tathmini ilikuwa ya busara, kama ilifuata masharti yaliyotangazwa, na kama sababu zake ziliandikwa. Katika mwaka wa fedha 2024 ilipokea mashauri 1,803 ya ununuzi wa kila namna, na kati ya yale iliyoyaamua kwa hoja zake ikayakubali asilimia 16. Lakini ukiyajumlisha na yale ambamo idara ilijirudi yenyewe kabla ya hukumu, walalamikaji walipata nafuu ya aina fulani katika zaidi kidogo ya nusu ya mashauri.

Ugomvi wa kwanza huhusu mnasaba wa kazi. Kampuni iliyojenga shule 10 za ghorofa moja yadai kuwa ina historia ya kutosha ya kujenga hospitali. Idara yasema ukubwa, upeo na ugumu wa kazi hizo haulingani. Hapa GAO huipa idara uhuru mkubwa, na nadhani ni sawa. Taabu huingia pale idara inapompima mmoja kwa mizani pana na mwingine kwa mizani finyu, au inapotangaza kwamba itatazama miaka mitatu iliyopita kisha ikatazama mitano kwa yule inayempenda.

Ugomvi wa pili ni mzito zaidi, nao ni wa habari ambayo idara inayo lakini imejifanya haina. Shauri mashuhuri la jambo hili liliamuliwa mwaka 1997, la kampuni ya International Business Systems. Kampuni hiyo ilikuwa imefanya kazi ya namna ileile, kwa idara ileile, chini ya afisa wa mikataba yuleyule. Lakini mtu aliyepaswa kujaza karatasi ya kuieleza hakuijaza, na idara ikaendelea kana kwamba kazi ile haikuwahi kufanywa. GAO ilikataa, ikasema kwa maana kwamba kuna habari zilizo karibu mno na mkono wa idara kiasi kwamba ni dhuluma kumtwika mzabuni hasara ya idara kutozichukua. Uamuzi huo umekuwa nguzo, na wenye kushindwa zabuni huutaja mara kwa mara, ingawa mara nyingi hawafanikiwi, kwa sababu GAO imeuwekea mipaka: habari yenyewe iwe inajulikana kwa wale wanaofanya tathmini, si kwa ofisi nyingine ya mbali katika serikali iliyo pana kama bahari. Mimi naona mpaka huo una hekima, lakini pia naona jinsi unavyompa nafasi mwenye hila, kwani asiyetaka kujua huweza kupanga mambo yake asijue.

Kisha kuna mgeni, yaani kampuni changa isiyo na historia. Kanuni za Marekani zasema kwamba asiye na kumbukumbu za kazi zinazohusiana asihesabiwe kwa wema wala kwa ubaya. Ni sharti lenye nia njema, lakini laelea hewani, kwa sababu katika kulinganisha watu wawili, ambaye hakuhesabiwa kwa lolote husimama chini ya yule aliyehesabiwa kwa wema, na GAO yenyewe imekubali kwamba idara yaweza kulipa bei kubwa zaidi ili impate mwenye sifa iliyothibiti. Kilichosaidia kwa kiasi ni ruhusa ya kutazama historia ya wakuu wa kampuni, ya kampuni iliyoitangulia, na ya wakandarasi wadogo watakaoshika sehemu kubwa za kazi. Ijapokuwa ruhusa hiyo nayo imezaa mashauri yake, kwa kuwa makampuni makubwa hupenda kuazima sifa za ndugu zao walio ng'ambo ambao hawatatia mguu kwenye kazi hiyo hata siku moja.

Limebaki sasa jambo la msingi. Mashauri yote hayo hushughulika na namna kumbukumbu ilivyotumiwa. Je, kama kumbukumbu yenyewe ni ya uongo? GAO kwa kawaida haitaki kuingia huko, kwa kuwa huo ni usimamizi wa mkataba wa zamani na si utoaji wa mkataba mpya. Na imeshikilia kwamba idara yaweza kuutegemea mtazamo wake juu ya udhaifu wa mkandarasi hata kama mkandarasi anaupinga. Basi aliyedhulumiwa huambiwa apite mlango mwingine, wa sheria ya migogoro ya mikataba ya mwaka 1978, aanze kwa kupeleka madai kwa afisa wa mkataba, ambaye mara nyingi ndiye aliyeandika tathmini, kisha akate rufani kwenye bodi au mahakama.

Kampuni ya Todd Construction iliupita mlango huo. Ilikuwa imetengeneza mapaa katika kambi ya jeshi la anga huko North Carolina chini ya kikosi cha wahandisi wa jeshi, ikapewa tathmini ya kutoridhisha, ikaona imeonewa, ikashitaki. Serikali ikajitetea kwamba mahakama haina hata mamlaka ya kulisikiliza jambo kama hilo. Mwaka 2011 Mahakama ya Rufani ya mzunguko wa Serikali Kuu ikatoa hukumu yenye nusu mbili: mamlaka yapo, kwa kuwa tathmini ya utendaji inahusiana na mkataba na mkandarasi ana haki ya kutaka itendwe kwa haki, lakini Todd yenyewe ikashindwa, kwa kuwa haikueleza mambo ya hakika ya kuonyesha kwamba ucheleweshaji haukuwa taksiri yake. Miaka kadhaa ya kesi kwa ajili ya mapaa! Na hata anayeshinda hapati mengi: bodi za rufani zimesema hazina uwezo wa kumwamuru afisa aandike daraja fulani, na lililo kubwa mahakama iwezalo kufanya ni kuirudisha tathmini ikafanywe upya. Wakati huo ile miaka 3 au 6 ya uhai wa kumbukumbu imekwisha kupita, na zabuni alizozikosa zimekwisha kujengwa na wengine.

Wasomaji wa pwani wanajua jinsi kadhi afanyavyo: haipokei kauli ya shahidi kwa kuwa tu imesemwa, huuliza kwanza uadilifu wa shahidi mwenyewe, kama ana uhasama na mdaiwa, kama ana masilahi katika shauri, kama alikuwapo. Katika taratibu za zabuni uchunguzi huu wa shahidi haufanyiki, au hufanyika ukiwa umechelewa. Tena kanuni za Marekani hukataza, katika kumweleza mzabuni kwa nini ameshindwa, kutajwa kwa majina ya watu waliotoa habari za utendaji wake. Nafahamu udhuru wake, kwani bila ya sitara hiyo wengi wasingesema kweli. Lakini sitara hiyohiyo humfunika mwenye hiana, na ndiyo maana naiona haki ya kujibu, ile ya siku 14, kuwa ni kiungo chenye thamani kuliko vyote katika mfumo mzima. Kanuni zataka pia kwamba, idara inapofungua majadiliano na wazabuni, imweleze mzabuni habari mbaya ambazo hajapata kuzijibu. Hapo pana uadilifu ambao nchi zetu zaweza kuuazima bila ya gharama yoyote.

Ulaya imeliendea suala hili kwa njia tofauti kabisa. Mwaka 2008, katika kesi ya Lianakis iliyotoka katika mji wa Alexandroupolis nchini Ugiriki, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba uzoefu wa mzabuni, watu wake na vifaa vyake ni mambo ya kuchuja nani anafaa, wala si mambo ya kuamulia nani ameshinda. Historia ikarudishwa mlangoni, pale Wamarekani walipoiondoa. Baadaye agizo la mwaka 2014 likaruhusu kumwengua mzabuni aliyeonyesha kasoro kubwa au za kurudiarudia katika mkataba wa nyuma, hata mkataba huo ukavunjwa au akatozwa fidia, na muda wa kumfungia kwa sababu hiyo ukawekewa ukomo wa miaka 3.

Kutokana na hilo ikazuka kesi moja ya mji wa Naples. Katika mwaka wa masomo wa 2016 na 2017, chakula cha shule kilichotolewa na kampuni moja kilikutwa na vijidudu vya maradhi ya tumbo, na watu wakadhurika. Halmashauri ya mji ikauvunja mkataba. Kampuni ikaenda mahakamani kuupinga uvunjaji huo, na kabla kesi haijaamuliwa ikaomba zabuni ya chakula cha shule ya mwaka uliofuata. Sheria ya Italia wakati huo ilisema kwamba mkataba uliovunjwa hautoshi kumwengua mtu ikiwa uvunjaji wenyewe ungali unabishaniwa kortini. Halmashauri ikaona mikono yake imefungwa, na mshindani wa kampuni ile, yaani kampuni ya Meca, ndiye aliyelalamika. Tarehe 19 Juni 2019 Mahakama ya Haki ilitamka kwamba sheria ya namna hiyo haiafikiani na agizo la Umoja: kufungua kesi hakuwezi peke yake kuizuia mamlaka ya ununuzi isiutazame uaminifu wa mzabuni. Naikubali hukumu hii kwa moyo mmoja. Lau ingekuwa kinyume, karatasi ya mashitaka ingekuwa kinga ya kila mkandarasi mbaya mwenye fedha za kulipa wakili, na watoto wangekula tena kutoka jikoni mwa yuleyule. Lakini ukiitazama pamoja na ile kaida ya GAO, utaona kwamba pande zote mbili za bahari zimeipa serikali uwezo wa kuliamini neno lake yenyewe wakati neno hilo lingali katika ubishi. Na anayepewa uwezo huo ana dhima ya kulitunza neno lake lisiwe la kizembe.

Je, huku kwetu? Kenya ina msingi mzuri. Ibara ya 227 ya Katiba yataka ununuzi wa umma uwe wa haki, wa usawa, wa uwazi, wa ushindani na usio na israfu, na Sheria ya Ununuzi ya mwaka 2015, katika kifungu cha 83, yairuhusu kamati ya tathmini kufanya uhakiki wa kina kabla ya kutoa tuzo, na hata kuuliza kwa siri watu waliowahi kufanya kazi na mzabuni. Kila mjumbe aliyeshiriki hutakiwa kuitia sahihi ripoti, na kuweka alama yake katika kila ukurasa. Mzabuni asiyeridhika ana siku 14 za kwenda kwenye Bodi ya Mapitio, nayo ina siku 21 za kuamua, upesi ambao Wamarekani hawaufikii. Hata hivyo tazama jambo hili: ushahidi ule wa siri hukusanywa baada ya zabuni kufunguliwa, wakati jina la anayeongoza linajulikana, kutoka kwa mtu anayeulizwa akumbuke kazi ya miaka miwili nyuma. Simu ikipigwa kwa mhandisi wa kaunti fulani akasema kwamba kampuni ile ilimsumbua, mzabuni atayajua hayo katika barua ya kuarifiwa kwamba ameshindwa. Haishangazi basi kwamba uhakiki huu umekuwa chemchemi ya mashauri mbele ya Bodi.

Tanzania nayo ina Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023, ina mfumo wa kielektroniki wa NeST unaopitisha zabuni, ina Mamlaka ya Rufani, na ina Bodi ya Usajili wa Makandarasi inayowapanga kwa madaraja saba. Vyombo vimekamilika. Lakini katika nchi zetu mbili hizi, kinachoitwa historia ya mzabuni katika nyaraka za zabuni bado kwa sehemu kubwa ni orodha ya mikataba aliyofanya, vyeti vya kukamilika kwa kazi, barua za sifa anazozileta mwenyewe, na fomu ya kutangaza mikataba aliyoshindwa kuitekeleza. Ni ushahidi wa mtu juu ya nafsi yake. Wenye ghashi huzighushi barua hizo, na wenye haki huhangaika kutafuta sahihi ya afisa aliyekwisha kuhamishwa. Upande wa pili kuna kufungiwa, adhabu inayomtoa mtu sokoni kabisa kwa muda. Baina ya barua ya sifa na kufungiwa hapana kitu. Hapana kumbukumbu ya kati inayosema kwamba mkandarasi huyu hujenga vizuri lakini huchelewa, au huwahi lakini husumbua katika kipindi cha uangalizi wa kasoro.

Kumbukumbu hiyo ikianzishwa, nina hofu moja kubwa, nayo ndiyo inayotofautisha hali yetu na ya wenzetu. Hapa kwetu kazi nyingi huchelewa kwa sababu serikali haijalipa. Kenya ililazimika mwaka 2023 kuunda kamati maalumu ya kuyahakiki madeni ya wazabuni yaliyorundikana, na huko Tanzania madai ya makandarasi husikika kila msimu wa bajeti. Mkandarasi aliyewasilisha hati ya malipo mwezi Februari, akasubiri hadi Novemba, akawapunguza vibarua, akarudisha greda la kukodi, akaomba nyongeza ya muda asijibiwe, huyo akiandikwa kwamba amechelewa miezi tisa, maneno yatakuwa ya kweli na ushahidi utakuwa wa uongo. Mdaiwa ndiye atakayekuwa ameandika sifa ya mdai wake.

Kwa hivyo wanaotunga kanuni Dodoma na Nairobi nawaomba wasianzie kwenye alama. Waanzie kwenye daftari la kazi: tathmini iandikwe kila robo ya mwaka kazi ingali inaendelea, na mtu aliyeiona, kwa jina lake na sahihi yake; mkandarasi aisome na kuijibu papo hapo, jibu lake likae ukurasa uleule milele; na ubishi wao uamuliwe na mtu asiye wa taasisi ile, ndani ya siku zinazohesabika kama zinavyohesabika zile 21 za Bodi. Kando ya tarehe ya kila hatua ya kazi iandikwe tarehe ya hati ya malipo na tarehe fedha zilipoingia. NeST na mifumo mingine ya namna yake tayari hubeba nyaraka za zabuni, wala kuongeza safu mbili za tarehe si jambo la mamilioni. Mpaka hapo safu hizo zitakapokuwapo, mkandarasi atakayenyimwa kazi kwa kosa la kuchelewa ana haki ya kukata rufani na kuuliza alilipwa lini, na bodi itakayoikataa rufani yake bila ya kulijibu swali hilo itakuwa imemdhulumu.